Robert Koch: Wanafunzi wasimuliwe kisa chote

Kila mwaka ifikapo tarehe 24 Machi, ulimwengu huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Hotuba husomwa, mabango hubebwa, na watoto wetu shuleni hukumbushwa kufunika vinywa wanapokohoa. Hata hivyo, ni wachache mno, hata miongoni mwetu sisi walimu, wanaojiuliza kwa nini siku hiyo iliteuliwa. Jioni ya tarehe 24 Machi, 1882, mjini Berlin, daktari mmoja Mjerumani alisimama mbele ya wanasayansi wenzake na kuwathibitishia kwamba kifua kikuu hakiletwi na damu ya ukoo wala hewa mbovu, bali na bakteria anayeweza kuonekana kwa hadubini. Daktari huyo alikuwa Robert Koch.

Katika vitabu vingi vya bayolojia Koch hupewa aya moja tu: alivumbua kiini cha kifua kikuu, akatunukiwa Tuzo ya Nobel, basi. Aya hiyo haisemi uongo. Lakini husema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli humpunja mwanafunzi. Maisha ya mtu huyu yana mafunzo juu ya subira, juu ya kiburi, na juu ya haki ya mgonjwa mbele ya mtafiti. Isitoshe, sehemu ya mwisho ya kisa chake ilitendeka hapa hapa kwetu, katika visiwa vya Ziwa Viktoria. Ndiyo maana nashikilia kwamba asimuliwe mzima mzima.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843, katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz. Baba yake alikuwa mtaalamu wa migodi, na nyumba ilikuwa na watoto tele. Inasimuliwa kwamba alipotimiza miaka mitano alikwisha kujifunza kusoma mwenyewe kwa kupekua magazeti. Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, akasomea udaktari. Huko alifundishwa na Jacob Henle, profesa ambaye tangu 1840 alikuwa ameshikilia kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo mno. Henle hakuwa na ushahidi wa kutosha. Mwanafunzi wake ndiye aliyekuja kuupata.

Baada ya kufuzu mwaka 1866 na kuhudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, Koch alipelekwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hapakuwa na chuo kikuu wala maktaba. Nyumba yake ndiyo ilikuwa maabara, na hadubini aliyoitumia alipewa na mkewe, Emmy. Mchana alitibu wagonjwa. Wakati uliosalia aliwachunguza panya.

Ugonjwa alioanza nao ulikuwa kimeta, uliokuwa ukiangamiza mifugo ya wilaya hiyo. Alichukua damu ya wengu la mnyama aliyekufa kwa kimeta, akaipenyeza kwa kijiti chini ya ngozi ya panya mzima. Panya alikufa. Alichukua damu ya huyo akamtia mwingine, naye akafa, na kila mara akaona vijiti vile vile chini ya hadubini. Kisha akavikuza vijiti hivyo nje ya mwili, katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akaona jinsi vinavyojigeuza kuwa vijimbegu vigumu vinavyoweza kungoja ardhini kwa miaka mingi. Hapo fumbo la malisho yanayoua ng'ombe ambao hawakugusana na wagonjwa likafumbuliwa. Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha matokeo yake mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn, na kuanzia hapo jina lake likavuma.

Kutokana na kazi hii ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao wanafunzi wa sayansi huukariri hadi leo. Kwanza, kiini kinachoshukiwa kionekane katika kila mgonjwa wa maradhi hayo. Pili, kitolewe na kukuzwa peke yake, bila kuchanganyika na kingine. Tatu, kikitiwa katika mnyama mzima, kimletee maradhi yale yale. Nne, kitolewe tena katika mnyama huyo na kuthibitishwa kuwa ndicho. Ni ngazi ya vidato vinne, na hakuna ruhusa ya kuruka hata kimoja kwa sababu una haraka au kwa sababu una jina. Baadaye Koch mwenyewe aliona kwamba kuna watu wanaobeba viini vya kipindupindu ilhali hawaumwi, kwa hiyo kidato cha kwanza hakiwi kweli daima. Hata hivyo utaratibu haukuvunjika, maana thamani yake imo katika kudai ushahidi.

Mwaka 1880 alihamishiwa Berlin. Tatizo kubwa la wakati huo lilikuwa namna ya kutenganisha bakteria wa aina moja na wengine. Koch alianza kwa vipande vya kiazi kilichochemshwa, akaona kila doa linaloota juu yake ni ukoo mmoja. Baadaye akatumia jelatini, lakini hiyo huyeyuka kwenye joto. Ufumbuzi ulitoka jikoni. Fannie Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipendekeza ute mgumu wa mwani ambao alikuwa akiutumia kugandisha vyakula. Maabara zote za dunia hutumia ute huo hata sasa, ilhali jina la bibi huyo si wengi wanaolijua. Wasichana wetu wanaosoma sayansi yafaa walisikie.

Kifua kikuu kilikuwa mtihani mgumu kuliko kimeta. Ilikadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila saba alikufa kwa ugonjwa huo. Bakteria wake hawakubali rangi upesi, na hukua polepole mno; mtafiti mwenye papara angetupa vyombo vyake baada ya siku chache akidhani havina kitu. Koch alisubiri kwa wiki kadhaa, na makundi madogo ya bakteria yakajitokeza. Akavipanda vidato vyote vinne. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mwaka uliofuata alikwenda Misri kisha India, na mjini Calcutta akathibitisha uhusiano wa kipindupindu na bakteria mwenye umbo la mkato, aliyekuwa ameonwa na Mwitaliano Filippo Pacini tangu 1854.

Laiti kisa kingeishia hapo! Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnamo Agosti 1890, mbele ya mkutano mkuu wa madaktari wa dunia uliofanyika Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata dawa ya kuzuia kifua kikuu. Dawa hiyo, tuberkulini, ilikuwa siri. Hakueleza imetengenezwa kwa nini wala jinsi gani. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya, baadhi yao wakiwa mahututi. Baada ya miezi michache, Rudolf Virchow alipasua maiti za waliodungwa dawa hiyo akaonyesha kwamba haikuwaponya, na kwamba kwa baadhi yao ilielekea kuusambaza ugonjwa. Mwaka 1891 ilipofichuliwa, ilionekana kuwa ni maji ya bakteria wa kifua kikuu yaliyochanganywa na gliserini.

Tuberkulini haikutupwa. Watafiti wengine waligundua kwamba ikidungwa kidogo chini ya ngozi huonyesha kama mtu amewahi kuambukizwa, na kipimo hicho kingali kinatumika. Lakini hilo halimtoi lawamani aliyetangaza tiba kabla ya kuithibitisha. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kudai ushahidi alitaka aaminiwe kwa jina lake.

Sasa tuje kwetu. Koch alifika Dar es Salaam mara ya kwanza mwaka 1897, akachunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Mnamo 1903 aliitwa Bulawayo kuhusu ugonjwa wa ng'ombe ambao wafugaji wetu huuita ndigana kali. Chanjo aliyojaribu huko haikufaulu. Mwaka 1905, akiwa tena Afrika Mashariki, alithibitisha, kama walivyofanya wenzake Uganda na Kongo, kwamba homa ya papasi huenezwa na papasi wanaojificha katika sakafu za nyumba. Mwishoni mwa mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma kuchunguza malale. Wakati huo ukingo wa Ziwa Viktoria ulikuwa katika msiba mkubwa. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa katika Uganda peke yake. David Bruce alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1903 kwamba vimelea vya malale huenezwa na mbung'o. Kilichokosekana kilikuwa dawa. Koch alipitia Amani na Mwanza, kisha, kwa idhini ya Waingereza, akapiga kambi katika visiwa vya Sese.

Dawa aliyokuja nayo iliitwa atoksili, nayo ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Wagonjwa zaidi ya elfu moja walidungwa. Mwanzoni vimelea vilitoweka katika damu, watu wakapata nguvu, na matumaini yakapanda. Kisha vimelea vikarudi. Koch akaongeza kipimo hadi gramu moja. Wagonjwa walipatwa na maumivu makali na kizunguzungu, na baadhi wakaacha kuja. Zaidi ya 20 wakapofuka, wala hawakuona tena. Alipoondoka mwaka 1907 alipendekeza wagonjwa watengwe katika makambi, na makambi hayo yakajengwa katika upande wa ziwa ambao leo ni Tanzania.

Huenda msomaji akasema kwamba namhukumu mtu wa jana kwa sheria za leo. Hoja hiyo ina uzito, kwani watu wa Sese walikuwa wanakufa, na bila dawa malale huua. Lakini tarehe 29 Desemba, 1900, katika Prussia, jimbo lenye mji wa Berlin, ilitolewa amri kwamba mtu asifanyiwe jaribio lisilo la matibabu ila kwa ridhaa yake, na baada ya kuelezwa madhara yanayoweza kumpata. Amri hiyo haikugusa matibabu, na Koch angeweza kujitetea kwamba alikuwa akitibu. Lakini wazo lenyewe, kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa na kukataa, lilikuwa limekwisha kufika Berlin. Haikosi kuulizwa kwa nini halikusafiri pamoja na sindano hadi Sese.

Koch alifariki tarehe 27 Mei, 1910, huko Baden-Baden, kwa maradhi ya moyo. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi ya Berlin inayoitwa kwa jina lake. Majina ya wale waliopofuka hayamo katika vitabu vyetu vya shule.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba utafiti ni adui wa Mwafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio ambayo yalionyesha kwamba ugonjwa huo, uliokuwa ukitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, waweza kutibiwa kwa miezi sita. Ulimwengu mzima umefaidika. Tangu 1979 tuna taasisi yetu wenyewe ya utafiti wa tiba, KEMRI. Vijana walio darasani leo ndio watakaoshika sindano na hadubini kesho, na baadhi yao ndio watakaoombwa kuwa wagonjwa wa majaribio. Wote wanahitaji kujua maswali ya kuuliza.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu: tufundishe vidato vinne, kisha tuwape wanafunzi kisa cha 1890, waonyeshe wenyewe ni wapi Koch aliiacha njia yake. Tuwape na kisa cha Sese, waulize nani alielezwa nini, na nani alikuwa na nafasi ya kukataa. Maswali ya namna hii hayamo katika karatasi za mitihani, nami naona ni kosa kwamba hayamo. Mwanafunzi anayemjua Koch wa Wollstein peke yake atajifunza kumstahi mwanasayansi. Anayemjua na Koch wa Sese atajifunza pia kumdai ushahidi, na kumdai ridhaa ya mgonjwa kabla hajaijaza sindano.