Jan Ingenhousz na Siri ya Majani Mabichi

Jan Ingenhousz alizaliwa mwaka 1730 katika mji wa Breda, nchi ya Uholanzi. Alijifunza utabibu, akawa hodari wa kuchanja watu wasife kwa ndui. Siku zile kuchanja kulikuwa jambo la hatari, kwa maana mtu alitiwa usaha wa ndui yenyewe, na wengine walikufa kwa sababu hiyo. Mwaka 1768 Malkia Maria Theresa wa Austria, ambaye ndui ilikuwa imekwisha kumwulia watoto, alimwita Vienna awachanje wanawe waliosalia. Kama mmoja angalikufa, jina la tabibu huyu lingaliharibika kabisa. Lakini walipona, na malkia akamfanya tabibu wa nyumba yake, akampa mshahara wa maisha.

Basi angaliweza kukaa raha mustarehe, lakini moyo wake ulitamani kujua. Alisikia habari za Mwingereza Joseph Priestley, aliyeona mwaka 1771 ya kuwa mmea uliofungiwa ndani ya chombo huitengeneza tena hewa iliyoharibiwa na mshumaa. Walakini jambo hilo lilikuwa fumbo. Waliolijaribu tena, mara walifaulu, mara walishindwa, wala hawakujua sababu.

Mwaka 1779 Ingenhousz alikodi nyumba ya shamba karibu na London, akafanya majaribio zaidi ya 500 kwa muda wa miezi mitatu. Alitia majani mabichi katika chombo cha kioo kilichojaa maji, akakiweka juani. Mara mapovu madogo yakatokea juu ya majani, yakapanda. Alipokiweka gizani, mapovu yakakoma. Akapima hili na lile, akatambua ya kuwa ni nuru ya jua ifanyayo kazi, si joto lake. Tena ni majani na mashina ya kijani tu yawezayo kazi hiyo. Usiku mimea huiharibu hewa kidogo, kama sisi tunapopumua. Hivyo fumbo likafumbuliwa: waliosahau nuru ndio walioshindwa.

Wataalamu waliomfuata waliendelea mbele. Sasa twajua ya kuwa jani huvuta maji na hewa ya kaboni, na kwa nguvu za nuru huvigeuza kuwa sukari. Nguvu za jua hukaa ndani ya sukari hiyo kama akiba ghalani, na hewa ya oksijeni hutoka nje. Hata bakteria wengine, wasioonekana kwa macho, huweza kutumia nuru kujipatia chakula.

Ingenhousz alikufa Uingereza mwaka 1799. Nanyi, wanafunzi, mlapo mahindi au maharagwe, kumbukeni ya kuwa mnakula nguvu za jua, zilizowekwa akiba na jani bichi.