Vitabu vya Shaaban Robert: Kipi Mbele, Kipi Nyuma?

Wako wasomaji watakao vitabu vya marehemu Shaaban Robert vipangwe kwa daraja. Twaona kazi hiyo si nyepesi. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Tangu 1926 akawa karani wa forodha, akila mshahara wa serikali ya kikoloni. Hata hivyo, mwaka 1951 alitoa Kusadikika, nchi ielealayo angani, ambamo mshitakiwa Karama awakumbusha wakubwa barazani habari za wajumbe sita waliotiwa gerezani kwa kuitumikia nchi yao. Wengi hukiweka mbele, nasi hatupingi.

Utubora Mkulima ndicho kinachotutatiza. Kilichapishwa 1968, miaka sita baada ya kufariki kwake, na wahakiki hukisukuma nyuma, ati watu wake ni wema kupita kiasi. Ni kweli, wema huo huchosha. Lakini huku Kasulo, wilayani Ngara, msomaji aliyelelewa kwa Kihangaza na kushika jembe tangu utotoni amjua barabara mtu aachaye ajira ya mjini akaenda kulima. Sisi twakitanguliza mbele ya Adili na Nduguze, pamoja na manyani wake.