Msafiri James Chuma

Kila nipandapo basi hapa Nanganga kwenda Masasi, humkumbuka James Chuma, Myao aliyeijua nchi hii kwa miguu.

Mwaka 1861, angali mtoto, Dk. Livingstone na wenzake walimtoa katika msafara wa watumwa kule Shire, Malawi ya leo. Mwaka 1864 Livingstone alimpeleka Bombay kwa meli ndogo. Walikaa baharini siku 45! Akatiwa shule huko, na mwaka 1865 akabatizwa.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo. Mwaka uliofuata wawili hao walifika Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuyapanga maandishi ya marehemu. Chuma alikuwa mchangamfu, mwenye lugha nyingi na hadithi za safari zake zisizokwisha.

Wengi wetu tungetamani kubaki Ulaya. Yeye alirudi, na mwaka 1876 akauongoza msafara wa Askofu Steere kutoka Lindi, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Walipofika Masasi wakajenga. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, hajatimiza miaka 40.