Hugh Tracey: Mwingereza aliyenasa sauti za Wawanga

KABLA ya kuja kwa studio za kidijitali, kurekodi wimbo kijijini ilikuwa kazi ya jasho. Hugh Tracey, aliyezaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903, aliifanya kwa miongo kadhaa.

Alihamia Rhodesia Kusini mapema miaka ya 1920 kulima tumbaku, akajifunza nyimbo za vibarua wa Kikaranga. Mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 Johannesburg wakarekodiwe.

Mnamo 1950 na 1952 alizuru Kenya akiwa na mitambo na jenereta. Miongoni mwa aliowarekodi ni Wawanga, ambao nchi yao, sawa na Chekalini, imo katika Kaunti ya Kakamega ya leo.

Vikuza sauti vya enzi hizo vilitumia valvu za kioo. Ngoma ikipaa ghafla, sauti hukwaruza kwenye utepe. Wimbo ukififia, humezwa na uvumi wa mashine. Studio kubwa za ng'ambo zilikuwa na mitambo ya valvu ya kubana na kusawazisha sauti. Tracey alishika maikrofoni mkononi, akiisogeza karibu na mwimbaji au ala aliyotaka isikike zaidi.

Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, nchini Afrika Kusini. Alifariki 1977, akiacha swali zito: je, hazina hiyo ni mali ya nani?

Mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilirejesha nakala Kenya. Baadhi ya familia zikasikia tena sauti za wazee wao.