John McLendon, kocha aliyenyimwa uwanja

John McLendon alizaliwa tarehe 5 Aprili 1915 huko Hiawatha, mji mdogo wa jimbo la Kansas nchini Marekani. Alipokubaliwa kuingia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1933, baba yake alimpa agizo moja tu: akifika, amtafute James Naismith na kumwambia kwamba yeye ndiye atakayekuwa mlezi wake wa masomo. Kijana akafanya vile vile alivyoagizwa, na mzee Naismith akakubali.

Naismith huyo ndiye aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891 katika mji wa Springfield, alipotundika vikapu viwili vya matunda kwenye ukumbi wa mazoezi na kuandika kanuni 13. Kwa hiyo McLendon aliusomea mchezo huu kwa mtu aliyeuzaa. Lakini hakuruhusiwa kuucheza. Timu ya chuo ilikuwa ya wazungu peke yao, na mwanafunzi mweusi, hata akiwa hodari namna gani, hakuvaa jezi yake. Hata kwenye bwawa la kuogelea kulikuwa na shida. Masomo yake ya elimu ya viungo yalidai ajue kuogelea, naye akaingia majini. Alipotoka, maji yote yakamwagwa. Hakuacha. Mwishowe bwawa likafunguliwa kwa wanafunzi wote.

Alichokipata kwa Naismith hakikuwa ufundi wa kushinda. Naismith mwenyewe alifundisha timu ya Kansas kwa miaka kadhaa, na mpaka leo ndiye kocha pekee wa chuo hicho aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda: alishinda 55, akafungwa 60. Aliamini kwamba mpira wa kikapu ni mchezo wa kuchezwa tu, si wa kufundishwa. Lakini alimwachia mwanafunzi wake wazo moja kubwa, kwamba mchezo huu ni wa uwanja mzima, toka mwisho huu mpaka mwisho ule, wala si wa kusubiriana chini ya kikapu.

Hapa naomba ruhusa ya wasomaji, maana sisi wa isimu tukikutana na neno hatulipiti bila kulisalimia. Kocha tumelitoa katika Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata mbali, katika jina la Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford walianza kwa utani kumwita hivyo mwalimu wa pembeni, yule anayembeba mwanafunzi mzito hadi ng'ambo ya mtihani. Kutoka darasani neno likahamia viwanjani. Watanzania mara nyingi humwita kocha wao mwalimu, na naona wamelirudisha neno nyumbani bila kujua.

McLendon alimaliza masomo Kansas mwaka 1936, akapata shahada ya pili Iowa mwaka uliofuata, kisha akaenda kusini, Durham, jimbo la North Carolina, kufundisha katika chuo cha weusi kilichoitwa North Carolina College for Negroes. Mwaka 1940 akawa kocha mkuu, akiwa na miaka 25.

Wakati ule timu nyingi zilicheza polepole, zikipasiana na kupasiana mpaka nafasi ipatikane. Yeye aliwakimbiza vijana wake masafa marefu nje ya uwanja, kwanza wapate pumzi. Ndani ya uwanja, mpira ukishadakwa chini ya kikapu chao, wote walikimbia mbele kabla wapinzani hawajageuka. Na mpira wakiupoteza, waliwabana wapinzani uwanja mzima. Leo mtoto yeyote wa basketi pale Bunia anacheza hivyo na kudhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Mwanzoni mwa 1944 timu hiyo, iliyoitwa Eagles, yaani tai, ilikuwa imefungwa mara moja tu msimu mzima. Lakini imewashinda akina nani? Weusi wenzao. Mashindano makubwa ya taifa yalikuwa yamefungwa kwao, na magazeti makubwa hayakuwaandika. Mji ule ule ulikuwa na Chuo Kikuu cha Duke, cha wazungu. Kwa sababu ya vita, jeshi lilikuwa limepeleka vijana kusomea udaktari pale, baadhi yao wachezaji waliokwisha kutamba katika vyuo vyao vya zamani, nao waliunda timu kali. Kila upande ulisikia sifa za mwenzake. Sheria na desturi za jimbo hazikuwaruhusu kukutana.

Zikapelekwa salamu kwa siri. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Machi 1944, asubuhi, saa ambayo watu wa Durham, weusi kwa weupe, wangekuwa kanisani. Vijana wa Duke walipanda magari, wakazungukazunguka njia ili wasifuatwe, kisha wakaingia ukumbini wamejifunika makoti vichwani. Milango ikafungwa kwa ufunguo. Mwamuzi alikuwepo na saa ya mchezo ilikuwepo, ila watazamaji hawakuwepo, isipokuwa wanafunzi wachache walioshtukia jambo wakapanda kuchungulia madirishani.

Kosa lao lisionekane dogo. Miezi minne baadaye, Julai 1944, katika mji huo huo, Booker Spicely, askari mweusi aliyevaa sare ya nchi yake, alipigwa risasi na dereva wa basi baada ya ugomvi juu ya kiti. Alikufa. Dereva alishitakiwa na akaachiliwa. McLendon alijua kwamba habari ikivuja, kazi yake ingekuwa jambo la mwisho la kuhofia.

Dakika za kwanza pande zote zilitetemeka. Pasi zilipotea, mipira haikuingia. Kisha Eagles wakaanza kukimbia. Mechi iliisha 88 kwa 44.

Mimi lakini hainishangazi sana ile 88. Walipokwisha kupumzika, hawakuagana. Waliwachanganya wachezaji, weusi na wazungu timu moja dhidi ya weusi na wazungu wengine, wengine na fulana na wengine vifua wazi, wakacheza mechi ya pili. Matokeo ya kwanza yangeweza kusemwa ni ya weusi juu ya wazungu. Ya pili hayakuwa ya rangi yoyote. Sisi tuliokua katika mji ambao kwa miaka kadhaa mtu aliulizwa kabila kabla ya kuvuka kutoka mtaa hadi mtaa, tunaelewa ni kitu gani kumpa pasi yule uliyeambiwa usikutane naye.

Mwandishi mmoja wa gazeti la weusi alijua, akakaa kimya. Hapakuandikwa kitu. Habari hiyo ilikuja kuchapishwa mwaka 1996, wakati McLendon ana zaidi ya miaka 80.

Yaliyofuata aliyafanya mchana kweupe. Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa walioanzisha mashindano ya vyuo vya weusi vya ukanda wake. Mwaka 1954 alihamia Tennessee A&I, huko Nashville, na timu yake ilipoalikwa Kansas City kucheza na vyuo vya wazungu, alitoa sharti: vijana wake walale katika hoteli zile zile na wale katika mikahawa ile ile kama wengine, la sivyo hawaji. Sharti likakubaliwa. Mwaka 1957 wakachukua ubingwa wa NAIA, shirikisho la vyuo vidogo vya nchi nzima. Wakauchukua tena 1958 na 1959. Hakuna kocha wa chuo aliyekuwa amechukua ubingwa wa taifa miaka mitatu mfululizo kabla yake.

Baadaye alihamahama. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa makocha wakuu weusi wa kwanza katika ligi ya kulipwa, na timu ya Cleveland Pipers, lakini akajiuzulu msimu haujaisha. Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya mchezo wa kasi. Mwaka 1966 Cleveland State ilimwajiri, na hivyo akawa mweusi wa kwanza kuongoza timu ya chuo kikuu chenye wazungu wengi. Denver, mwaka 1969, hakudumu; alifukuzwa baada ya mechi 28.

Mwaka 1979 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huu, lile lenye jina la Naismith, lakini kwa daraja la wachangiaji, si la makocha. Alifariki tarehe 8 Oktoba 1999. Jina lake liliingizwa mara ya pili mwaka 2016, safari hii kama kocha.