Mkahawa wa Chaza wa Thomas Downing

Kila tingatinga linapoiangusha hoteli kongwe katika miji yetu ili kulipisha jumba la orofa ishirini, hapakosi kusikika kilio. Wateja wa zamani huzikumbuka chapati zake, maharagwe yake yaliyokolea nazi, chai iliyotiwa maziwa bila ubahili, na bei ambayo hata mwalimu aliyeajiriwa juzi aliimudu. (Natumia neno hoteli kwa maana tuliyoizoea nchini Kenya, yaani mahali pa kula; anayetafuta kitanda na aulizie gesti.) Kilio hicho ni cha haki, ila mimi nakiona kifupi mno. Huishia kwenye ladha. Hakiulizi hoteli ile ilikuwa ikifanya kazi gani nyingine isiyoandikwa ubaoni pamoja na bei za vyakula. Maisha ya Thomas Downing, mwenye mkahawa aliyevuma sana mjini New York katika karne ya 19, yanalifafanua swali hilo vyema kuliko hoja zangu, na ndiyo maana nayasimulia hapa ingawa ni ya mbali na ya kale.

Downing alizaliwa mwaka wa 1791 huko Chincoteague, kisiwa kilicho kwenye pwani ya jimbo la Virginia, Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa walioachwa huru na bwana wao baada ya bwana huyo kuingia katika madhehebu ya Kimethodisti. Walijipatia kipande cha ardhi, wakawa pia watunzaji wa nyumba ya ibada. Kijana akakulia majini, akivua samaki na kukusanya chaza, wale viumbe wanaoishi ndani ya kombe mbili na kujishikiza miambani, ambao watu wa Pwani yetu huwabandua maji yakupwapo. Vita vya mwaka wa 1812 vilipozuka alifuatana na wanajeshi kuelekea kaskazini, akakaa Philadelphia miaka kadhaa, akaoa, na mwaka wa 1819 akahamia New York.

Mji huo wakati ule ulikuwa mji wa chaza kama vile Lamu ilivyo ya majahazi. Maskini na tajiri walimla, naye alipatikana kwa wingi katika maji yaliyouzunguka mji. Downing alinunua mashua ndogo, akawa akivuka mto Hudson kwenda kuchuma chaza upande wa New Jersey na kurudi kuwauza. Baadaye alibuni mbinu ambayo wanafunzi wa biashara wangefaidi kuichunguza. Alfajiri, kabla ya vyombo kutia nanga, alipiga makasia hadi vilipo, akawachagulia manahodha shehena bora na kuilipia huko huko majini. Kisha alirejea gatini, akaingia mnadani na kuipandisha bei ya chaza waliobaki, ambao wala hakuwa na haja nao, ili manahodha wale wapate faida. Ni ajabu gani basi kwamba kila nahodha alipenda kumwekea mzigo ulio bora?

Mwaka wa 1825 alifungua mkahawa wake katika nambari 5 ya barabara ya Broad Street, hatua chache kutoka Wall Street, palipokuwa na benki, forodha na soko la hisa. Wengi wa wenye mikahawa ya chaza walikuwa Waafrika-Wamarekani kama yeye, lakini mikahawa ile aghalabu ilikuwa vyumba vya chini ya ardhi vyenye ulevi na fujo, ambamo mtu mwenye heshima zake hakuthubutu kuonekana akiwa na mkewe. Downing alitandika mazulia, akaning'iniza mataa ya fahari, akatundika vioo na mapazia. Aliwapika chaza kwa kila namna: wabichi, wa kukaangwa, wa mchuzi, wa kutiwa ndani ya andazi, na hata bata mzinga aliyejazwa chaza tumboni. Waliotiwa siki aliwasafirisha ng'ambo, na inasimuliwa kwamba Malkia Victoria wa Uingereza, aliyepelekewa chaza bora wa Downing, alimtunuku saa ya dhahabu. Mwaka wa 1835 akaupanua mkahawa hadi majengo ya jirani. Mwishoni mwa mwaka uo huo moto mkubwa uliteketeza mamia ya majengo mjini humo katika usiku wa baridi iliyoyagandisha maji ya kuuzimia. Yasemekana mapipa ya siki ya Downing yalitumiwa badala ya maji. Alipokuja mwandishi Charles Dickens mwaka wa 1842, vyakula vya dhifa kubwa ya kumlaki viliandaliwa na Downing.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo wateja wake wangeisimulia, nayo ni nusu tu. Wateja hao walikuwa mabwana weupe: wenye benki, wanasiasa, wafanyabiashara. Mtu mweusi hakuketi mezani kwa Downing kula. Lakini chini ya sakafu yenye mazulia, katika ghala za kuhifadhia chaza, Downing na mwanawe George waliwaficha watumwa waliotoroka kusini wakielekea Kanada. Juu, mfanyabiashara wa pamba iliyolimwa na watumwa aliinua kijiko. Chini yake alijikunyata mtu aliyelikimbia shamba la pamba.

Wapo watakaomwita Downing mnafiki kwa kuwanyima watu wake viti. Mimi siafiki. Utumwa katika jimbo la New York ulikomeshwa kabisa mwaka wa 1827, miaka miwili baada ya yeye kufungua mlango. Wakamataji wa watumwa walirandaranda mitaani. Na ni mkahawa gani ambao wasingefikiria kuupekua kuliko ule waliolia wakubwa wao? Fauka ya hayo, Downing hakujificha nyuma ya faida. Mwaka wa 1836 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kupinga utumwa mjini humo. Alipigania shule za watoto weusi, na alipinga sheria iliyomtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo mweupe hakuwekewa. Hata umaarufu wake haukumkinga: alipata kupigwa na watumishi wa reli ya Harlem kwa kuthubutu kupanda behewa.

Mwaka wa 1857 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu wa asili ya Kiafrika hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Uamuzi huo ulitenguliwa na sheria ya haki za raia iliyopitishwa na bunge tarehe 9 Aprili, 1866. Downing alifariki kesho yake, tarehe 10, akiwa raia wa siku moja. Chama cha wafanyabiashara wa New York kilifunga ofisi zake ili wanachama wahudhurie mazishi.

Mkahawa haupo. Pembe ile ya mji ilijengwa ikajengwa tena, ikawa bonde lenye kuta za majumba ya fedha. Chaza nao waliangamizwa na uchafu wa mji. Eneo la mwisho la kuwavuna lilifungwa mwaka wa 1927. Lakini kwenye barabara hiyo hiyo ya Broad Street, pembeni inapokutana na Pearl Street, Fraunces Tavern ingaliko. Ilinunuliwa mwaka wa 1904 na chama cha wazalendo na kukarabatiwa, kwa kuwa Jenerali George Washington aliwaaga maafisa wake humo mwaka wa 1783. Sina kinyongo na Washington. Nasema tu kwamba jengo lililomlisha jenerali lilipata watetezi, na lililowaficha watoro halikupata.

Walimu wa Kiswahili hutafuta kila muhula mada za insha. Wawatume wanafunzi kwenye hoteli iliyotiwa alama ya kubomolewa karibu na shule yao, wamwulize mwenyewe na mpishi wake mambo ambayo mteja haulizi: nani alikula kwa deni mwaka mzima, barua za nani ziliachwa kaunta, na nani alilala jikoni usiku wa msako.