Beijerinck na bakteria walio rafiki wa mkulima

Mtajie mkulima wa Siakago au Ishiara neno bakteria, naye mara moja atafikiria kipindupindu na homa ya matumbo. Kosa si lake. Kiswahili chetu kimezoea kuviita viumbe hivi viini vya maradhi, na jina baya humtangulia mwenyewe kila aendako. Hata hivyo, wapo bakteria ambao pasipo wao maharagwe ya Meru na kunde za Mbeere yangedhoofika. Mmoja wa waliotuwezesha kuwatambua ni Mholanzi Martinus Willem Beijerinck, ambaye maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa lugha ya wakulima.

Beijerinck alizaliwa Amsterdam tarehe 16 Machi 1851. Babake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku aliyefilisika, hivyo kijana huyo hakulelewa katika raha. Alisomea kemia mjini Delft, kisha mwaka 1877 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden kwa utafiti kuhusu uvimbe wa mimea. Alifundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen, na mwaka 1885 akaajiriwa na kiwanda cha hamira na pombe mjini Delft.

Mwaka 1886 Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walikuwa wametangaza kwamba mimea ya jamii ya kunde hujipatia naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu vya mizizi. Lakini ni nani aliyeishi ndani ya vinundu hivyo? Beijerinck ndiye aliyejibu mwaka 1888, alipofaulu kuwatenga bakteria hao na kuwakuza peke yao.

Alifanywa profesa huko Delft mwaka 1895. Miaka mitatu baadaye alieleza kwamba ugonjwa wa majani ya tumbaku ulisababishwa na kitu kilichopenya chujio lililowazuia bakteria, naye akakiita virusi. Tumbaku haikumtajirisha baba, lakini ilimpa mwana sifa duniani. Mwaka 1901 alieleza bakteria wengine, Azotobacter, wanaonasa naitrojeni bila kukaa vinunduni. Hata baada ya kustaafu mwaka 1921 hakupumzika: mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 74, aliandika juu ya bakteria mwenye umbo la parafujo ambaye leo ni wa kundi liitwalo Azospirillum. Hakuoa, alikuwa mkali kwa wanafunzi wake, na alifariki tarehe 1 Januari 1931.

Yatuhusu nini sisi? Katika nyanda za chini zenye joto, kutoka Mbeere hadi pembezoni mwa Meru, mvua ni haba na baadhi ya wakulima hutegemea umwagiliaji. Maji ya mto hubeba chumvi kidogo; jua likiyakausha, chumvi hubaki. Pasipo mifereji ya kuyatoa maji, haba na haba hujaza kibaba. Hata mbolea tuiitayo ya chumvichumvi, ikitiwa kupita kiasi, huongeza shida hiyo.

Chumvi huinyima mizizi maji ijapokuwa udongo umelowa, na sodiamu hujikusanya majanini ikawa sumu. Mmea uliotaabika hutoa gesi ya ethilini kwa wingi, nayo huzuia mizizi kukua. Baadhi ya bakteria wakaao mizizini huvunja kemikali inayozaa gesi hiyo. Wengine hutoa ute unaonasa sodiamu. Azospirillum huchochea mizizi kutanuka. Hawaondoi chumvi, la hasha, wala hawachukui nafasi ya mifereji; humsaidia mmea kustahimili.

Tatizo ni kwamba bakteria wa vinundu nao huathiriwa na chumvi, na si kila aina hustahimili. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutengeneza chanjo ya mbegu za mikunde katika miaka ya 1980, nayo huuzwa kwa jina la Biofix. Aidha, watafiti wetu wamewakusanya bakteria wa asili kutoka mashamba ya Embu, na baadhi yao wameshindana vyema na wale wa kununuliwa. Kwa maoni yangu, hatua ifaayo sasa ni kuwatafuta katika udongo ule ule wenye chumvi, maana aliyezaliwa katika dhiki hiyo ndiye anayeijua.

Isitoshe, wataalamu waache kuwaficha nyuma ya Kilatini na Kiingereza. Mkulima hatapaka mbegu zake kitu anachodhani ni maradhi. Tuwaite bakteria rafiki, tumweleze kwa Kiswahili, Kimeru, Kiembu na Kimbeere namna ya kuwatunza mbali na jua kali, kisha tumwachie yeye kupima. Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.